Sala ya Kwihara iliandikiwa gazeti

Kutoka Tabora mjini hadi Kwihara ni safari fupi ya bodaboda. Unapita miembe mikubwa, ile ambayo kila mtoto wa Tabora anaambiwa kwamba ilianza na kokwa walizotupa wapagazi wa misafara, halafu unafika kwenye tembe ambayo siku hizi ni makumbusho. Humo ndimo David Livingstone alimokaa kuanzia Februari hadi Agosti mwaka 1872. Stanley alikaa naye hadi katikati ya Machi, akaondoka kwenda pwani, na mzee akabaki akisubiri watu na vifaa alivyoahidiwa.

Nimekisoma upya kitabu cha shajara zake za mwisho, kile alichokihariri Horace Waller na kuchapishwa London mwaka 1874, miaka miwili baada ya siku hizo za kusubiri. Nilikisoma nikitafuta kitu kimoja tu: sala. Kuna nyingi. Siku yake ya kuzaliwa, Machi 19, siku tano tu baada ya Stanley kuondoka, anajitoa upya kwa Mungu wake kwa maneno ambayo hata msomaji asiye na dini atayaheshimu, kwa sababu hayana mapambo. Katikati ya sala hizo kuna mambo ya kawaida kabisa. Anatengeneza jibini kwa ajili ya safari na kulalamika kidogo kwamba linachachuka, maana maziwa ya huku yanaganda haraka. Mnyamwezi yeyote angemwambia kuyaganda ndiyo kazi yake, bwana, kunywa.

Lakini sala iliyofanya Tabora ijulikane makanisani Ulaya iliandikwa kwingine. Mei 1, 1872, shajara inasema amemaliza barua kwa gazeti la *New York Herald*, gazeti lililomtuma Stanley, na kwamba anamwomba Mungu aibariki. Ilikuwa barua ya kuwaamsha Wamarekani dhidi ya biashara ya utumwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwishoni, baada ya kusema yuko peke yake, anaweka sala fupi. Waller akaongeza tanbihi kuwaonyesha wasomaji kwamba mwandishi alikufa mwaka mmoja kamili baadaye. Maneno hayo ya mwisho yalichongwa kwenye kaburi lake ndani ya Westminster Abbey, na mpaka leo watalii wanasimama juu yake.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo jambo hili linanigusa kwa namna ya peke yake. Sala mashuhuri kuliko zote zilizowahi kutoka Tabora ni aya ya mwisho ya makala ya gazeti. Ilikuwa na mhariri, ilikuwa na wasomaji waliokusudiwa, na ilikuwa na lengo.

Sasa tuitazame kama maandishi. Anayeombewa ni nani? Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza, kwa sababu kina kuomba, kuombea na kuombewa, na ukichagua kitenzi umeshachagua nani asimame wapi. Livingstone anaomba baraka za mbinguni ziwashukie watu watakaosaidia. Anawataja kwa mataifa yao: Mmarekani, Mwingereza, hata Mturuki. Biashara ya utumwa anaiita kidonda kilicho wazi, kidonda cha dunia nzima. Ni picha kali, na ndiyo iliyoifanya barua idumu. Lakini tazama kilichokosekana. Kuna kidonda, kuna waganga watatu wanaoombewa baraka, na mgonjwa hayumo. Kidonda ni cha dunia. Si cha mwanamke aliyefungwa mnyororo akapitishwa kwenye njia hiyohiyo ya Kwihara.

Sisemi hivi ili kumkejeli. Huyu mtu alikuwa Nyangwe Julai 1871 wakati watu wa misafara walipowafyatulia risasi mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake, wengine wakazama mtoni. Aliyaandika hayo kwenye kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa rangi ya mbegu, kwa kuwa karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. (Gazeti tena. Hakukwepa magazeti yule mzee, hata kwa bahati mbaya.) Aliwaona waliokufa. Katika shajara wapo. Ni katika sala ya gazetini ndipo wanapotoweka, na nadhani sababu yake ni ya kifundi: alijua anamwandikia nani. Msomaji wa New York alipaswa kujiona yeye ndani ya sentensi, akibarikiwa. Kama mbinu ya uandishi ilifanya kazi. Habari za Nyangwe zilisaidia kuisukuma serikali ya Uingereza, na Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Livingstone alikuwa ameshakufa mwezi mmoja kabla.

Na sala ile ilizaa sala nyingine. Katika miaka iliyofuata kifo chake, makanisa ya Uingereza yaliombea sana hii njia yetu ya misafara, na yalichangisha. Tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, alitoa pauni 5,000 ili London Missionary Society ianzishe kazi Ziwa Tanganyika. Watu wakaja. Joseph Mullens, katibu wa chama hicho, alitoka ofisini London mwaka 1879 kuja kujionea mwenyewe, akafia njiani kabla hajafika hata nusu. Daktari Southon alikwenda Urambo kwa Mirambo mwaka huohuo, na mwaka 1882 akafa hukohuko. Ukisoma taarifa zao utaona jambo la ajabu: wanaoombewa ni wamisionari. Afya zao, mizigo yao, punda na ng'ombe wao wanaokufa kwa mbung'o. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hiyo wanaonekana pale wanapotoroka tu.

Kwa hiyo nilipokuwa nasoma haya yote nilikuwa natafuta, kusema kweli, mtu mmoja wa kugeuza sentensi. Nikamkuta Jacob Wainwright.

Jacob alikuwa mtoto aliyeokolewa kwenye meli ya watumwa, akasomeshwa katika shule ya Church Missionary Society huko Nashik, India. Alifika Kwihara Agosti 1872 na kundi la watu ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani. Miezi tisa baadaye, Livingstone alipokufa kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wenzake waliutoa moyo wake na kuuzika chini ya mti. Jacob ndiye aliyesoma ibada ya mazishi. Hapakuwa na mzungu hata mmoja. Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Yule aliyewahi kuwa sehemu ya kidonda, asiye na jina katika barua ya gazeti, ndiye aliyesimama na kitabu mkononi akamwombea mwandishi wa barua.

Kisha wakaubeba mwili. Oktoba 1873 walifika tena Kwihara, kwenye tembe lilelile, wakamkuta Luteni Cameron aliyekuwa ametumwa kumsaidia mtu ambaye sasa walikuwa wamembeba. Cameron akawashauri wamzike hapo. Ushauri wenye akili, ukifikiria njia iliyobaki. Wakakataa. Aliwachukulia vifaa vya kupimia vya marehemu, lakini mwili wakauchukua wao, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mimi huko kukataa kwao nakusoma kama sala, na bora kuliko ile ya Mei 1, ingawa haina neno hata moja.

Jacob naye aliandika shajara. Ilitoka mapema kwa Kijerumani, halafu kwa zaidi ya miaka mia ikabaki kitu cha wataalamu, hadi mwaka 2019 picha za daftari lake zilipowekwa mtandaoni. Mwaka huohuo Petina Gappah wa Zimbabwe alichapisha riwaya yake *Out of Darkness, Shining Light*, inayosimulia safari hiyo ya mwili kwa sauti mbili: Halima, mpishi, na Jacob mwenyewe. Wapenzi wa riwaya mnaosoma hapa wengi mmeshaisoma, kwa hiyo sitaisimulia. Nataka kubishana nayo kidogo.

Sehemu ya Halima ni tamu. Anaongea kama shangazi jikoni, anaruka kutoka hadithi hadi hadithi, anamwita mzee Bwana Daudi, na anauliza swali ambalo vitabu vyote vya kishujaa vililikwepa: mtu mzima anawaachaje watoto wake kwenda kutafuta mto unaanzia wapi? Hapo Gappah amepata sauti. Ninapopata shida ni kwa Jacob. Kampa Kiingereza cha kujitutumua, kampa sala ndefu, na kampa macho yanayoona dhambi za kila mtu isipokuwa zake. Tunamcheka. Ni kichekesho kizuri, na nadhani mwandishi alitaka kutuonyesha jinsi elimu ya misheni inavyoweza kumfanya mtu awadharau wenzake. Sawa, hilo lipo, hata leo lipo, tunawajua.

Lakini kumfanya Mwafrika anayesali kuwa mtu wa kuchekwa ni njia rahisi mno. Riwaya inamwamini Halima kwa sababu ana mashaka, na inamshuku Jacob kwa sababu ana imani, kana kwamba imani yake lazima iwe ya kuazima. Jacob wa kweli alikuwa na sababu za kuuacha Ukristo. Uingereza ilimshangilia kwa siku chache, akawa mmoja wa waliosindikiza jeneza Westminster Abbey, halafu ikamsahau. Alirudi. Alifia Urambo mwaka 1892, kwenye misheni ile ile ya Southon, safari ya siku chache tu kutoka tembe la Kwihara. Mtu anayerudi kuishi kwenye njia aliyopita na maiti, akafa huko bila mwandishi wa gazeti kumfuata, hawezi kuenea ndani ya kichekesho. Ningependa riwaya ingemwachia hata kurasa kumi za ukimya huo.

Nina sababu ya kuwa mkali hivi, nayo si ya kifasihi peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa Ulyankulu, hapahapa mkoani Tabora, kuandika habari za Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wakati huo uraia ulikuwa ndiyo habari. Mwaka 2014 serikali ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nilikaa nusu siku na mama mmoja mtu mzima. Alinipa ugali na kisamvu, akanisimulia kuvuka mpaka akiwa binti. Niliandika makala nzuri, nilivyodhani. Ilikuwa na majeraha, ilikuwa na miaka, na aya ya mwisho ilimwomba msomaji mwenye uwezo asiwasahau watu hawa. Nilipata pongezi.

Niliporudi kwa kazi nyingine nilimpelekea gazeti. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, akamwambia mjukuu asome kwa sauti. Kijana alisoma hadi mwisho. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mwanangu, na ile ya Jumatano hukuiandika?"

Ile ya Jumatano ilikuwa hivi. Alikuwa amenieleza kwamba kila Jumatano jioni yeye na wanawake wenzake wanakutana kanisani kuombea watu wa mbali: wakimbizi walioko Nyarugusu kule Kigoma, watu wa mashariki ya Kongo, na ndugu waliobaki Burundi ambao hawajui kama wako hai. Kulikuwa na daftari la majina. Alinionyesha. Mimi nililiandika kwenye notisi zangu, halafu kwenye makala nikaliondoa, maana lilikuwa linaharibu mtiririko. Nilikuwa nahitaji watu wa kuombewa. Watu wanaoombea wengine hawakutoshea kwenye aya yangu ya mwisho.

Nilimjibu kwamba nafasi ya gazeti ilikuwa ndogo. Akasema haya, akamwambia mjukuu alikunje gazeti vizuri asilichane.

Tangu hapo sala ya Kwihara naisoma kwa aibu ya mtu wa fani moja na aliyeiandika. Najua jinsi aya ya mwisho inavyopatikana. Unamfikiria anayesoma mbali, unamtengenezea nafasi ya kuwa mwema, na ili nafasi hiyo itoshe inabidi mtu mwingine atoke. Livingstone aliwatoa wengi sana, ila angalau aliandika peke yake, mgonjwa, hana wa kumsahihisha. Mimi nilikuwa na notisi zangu mezani.

Mwezi uliopita nilikuwa Ulyankulu tena, Jumatano. Daftari limekuwa nene, limeshonwa kwa uzi. Mama sasa haoni vizuri, anayesoma ni binti wa kwaya, na majina mengi ni ya vijiji vya Kivu ambavyo anavitamka kwa kusitasita. Kila jina likisomwa wanaitikia. Karibu na mwisho binti alisoma jina langu, akaongeza "mwandishi", na wakaitikia kama walivyoitikia mengine, wakaendelea na jina lililofuata.