Pongezi kwa Mafundi wa Efeso

Msomaji wa Matendo ya Mitume analijua jina la Efeso hata kabla hajafika Uturuki. Ndiko Demetrio mfua fedha alikowachochea wenzake dhidi ya Paulo, mji mzima ukafurika kwenye uwanja wa maonyesho. Uwanja huo ungalipo. Bandari ndiyo iliyopotea: mto uliijaza tope, na leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapo.

Pongezi zangu ni kwa mafundi wanaousimamisha mji huu tena. Wanaakiolojia wa Austria walianza kuchimba mwaka 1895. Uso wa Maktaba ya Celsus, unaopigwa picha na kila mgeni, ulikuwa kifusi mpaka uliporudishwa jiwe kwa jiwe katika miaka ya 1970. Na kwenye nyumba za matajiri wa kale, chini ya paa kubwa, vipande vya marumaru vimetandazwa mezani vikisubiri wenzake. Fundi hushika kimoja, hukigeuza, hufuata mshipa wa jiwe kwa jicho, kisha hujaribu kingine. Hiyo ni subira ya kweli!

Ukienda, usiishie maktabani. Fika kwenye magofu ya Kanisa la Maria, panapotajwa kuwa mahali pa Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431. Na ukimkuta fundi kazini, mpe hongera ya kazi.