Sura ya 14: kumsoma Ayubu chini ya Mlima Hanang

Mwezi Desemba 2023 niliandika sentensi moja mbaya sana, na kwa kuwa kazi yangu hapa ni kuhakiki maandishi ya watu, naona haki nianze na hiyo yangu. Ilikuwa na maneno manne: "Mungu ana makusudi yake." Nilimtumia dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, kwa WhatsApp, siku ya tatu baada ya tope la Mlima Hanang kushuka Katesh. Alikuwa amempoteza mtoto. Alikaa kimya mpaka usiku, halafu akajibu: "Makusudi gani, mdogo wangu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ila kwa muda wote tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali la kihakiki: kwa nini sentensi ile, ambayo kiimani haina kosa la wazi, ilikuwa mbaya kiasi kile? Na mbona kuna maandishi mengine ya imani, makali zaidi, yenye hasira mpaka unaogopa kuyasoma kwa sauti kanisani, ambayo mtu aliyefiwa anaweza kuyashika?

Kwa wasiokumbuka: ilikuwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, msimu wa mvua za El Niño. Sehemu ya mlima ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka kwa watu waliokuwa bado vitandani, Gendabi, Jorodom na Katesh mjini. Waliokufa walikuwa zaidi ya 80. Mwanzoni watu walisema volkano imelipuka, maana Hanang ni mlima wa volkano kweli, lakini wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba hakukuwa na mlipuko. Miamba dhaifu ilikuwa imelowa maji ikashindwa kujishikilia. Kwa kalenda ya kanisa siku ile ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Yaani wahubiri wa Mbulu na Hanang, Wakatoliki kwa Walutheri, walikuwa wameshaandaa mahubiri ya kungoja ujio wa Bwana.

Baada ya tope likaja furiko la maneno. Status, mabango, salamu za rambirambi, nyimbo zilizorekodiwa ndani ya wiki mbili zikiwa na picha za magari yaliyofunikwa nusu. Nilizisikiliza nyingi. Sitataja hata moja, kwa sababu waliozitunga walikuwa na nia njema kama mimi. Ila karibu zote zina umbo moja: ubeti wa kwanza ni msiba, ubeti wa pili ni jibu. Kutoka tope mpaka "tunashukuru kwa yote" ni kama sekunde arobaini. Kinanda hakibadiliki hata kidogo njiani.

Ndipo nikarudi kwa Ayubu. Najua, utasema, mhakiki gani huyu asiyejua kitabu kingine cha mateso! Lakini nivumilie, kwa sababu nadhani wengi wetu hatujakisoma. Tunakijua kifremu. Ayubu ni picha iliyotiwa fremu: sura mbili za mwanzo ni hadithi, na kipande cha mwisho cha sura ya 42 ni hadithi. Katikati ni ushairi, karibu sura arobaini nzima. Kwenye misiba yetu tunasoma fremu. Lile neno la sura ya kwanza, la kukubali kutoa na kutwaa, lipo kwenye kila msalaba na kila kijitabu cha ibada ya mazishi kuanzia Dongobesh mpaka Babati. Ni neno zuri. Lakini aliyelisema anaanza sura ya tatu kwa kuilaani siku aliyozaliwa, na hanyamazi mpaka sura ya 31. Hiyo hatuisomi.

Na katikati ya hayo ipo sura ya 14. Niliisoma Januari, mvua zikiwa bado zinanyesha na watu wa chini ya mlima wakilala na sikio moja nje, nikashtuka kweli. Ayubu kwanza anauonea wivu mti: ukikatwa, ukisikia tu harufu ya maji unachipua tena, mtu je? Kisha mkono wa mshairi unageuka, na maji yaleyale yaliyokuwa uhai wa mti yanakuwa kifo. Anaona mlima unaporomoka, mwamba unahama mahali pake, maji yanayala mawe, gharika inauzoa udongo wa nchi. Halafu, bila kupumua, anamwambia Mungu kwamba hivyo ndivyo unavyoliharibu tumaini la mtu.

Soma hapo tena, ndugu msomaji. Unavyoliharibu. *Wewe*.

Hapo ndipo nilipoielewa sentensi yangu mbovu. Tazama viambishi. "Mungu ana makusudi" inaanza na *a-*: nafsi ya tatu, Mungu anazungumzwa kama mtu aliyetoka nje kidogo, na mimi mdogo mtu nimebaki sebuleni kueleza anachowaza. Ayubu anatumia *u-*. Anamsemesha. Anamshtaki, sawa, ila anamshtaki usoni. Sasa nenda kwa marafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, na Elihu anayekuja mwishoni, uhesabu mwenyewe. Wanasema mengi juu ya Mungu, na mengine ni mashairi mazuri kabisa, ukiyakata na kuyabandika ukutani hakuna atakayejua ni ya nani. Lakini hakuna hata mmoja wao anayemwomba Mungu neno lolote. Kwenye kitabu kizima anayesali ni yule aliyekasirika.

Kwa hiyo ile hukumu ya 42:7, ambapo Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena, hainishangazi tena. Wapo wasomi wa Kiebrania wanaoeleza kwamba kihusishi kilichotumika pale kwa kawaida maana yake ni "kwa" na si "juu ya". Yaani inaweza kusomeka kwamba hawakunena *kwangu* ilivyo sawa. Sitaki kujenga nyumba juu ya kihusishi kimoja. Lakini kitabu chote kinaegemea huko.

Nikiwa Mlutheri niliyekulia kwenye kwaya siwezi kukwepa wimbo. Katika ibada moja ya mazishi niliyohudhuria wiki ile tuliimba "Ni Salama Rohoni Mwangu". Niliona dada yangu amefunga mdomo. Mama mmoja nyuma yake akamgusa bega: "Imba, mwanangu, utapata nguvu." Hakuimba.

Wimbo huu una historia ambayo wengi mnaijua nusu. Horatio Spafford alikuwa wakili wa Chicago. Moto mkubwa wa 1871 ulimharibia mali. Mwaka 1873 mkewe Anna na mabinti wao wanne walipanda meli iitwayo Ville du Havre kwenda Ulaya; meli ikagongana na nyingine katikati ya Atlantiki, mabinti wote wanne wakafa, Anna akaokolewa peke yake. Spafford akaandika maneno, Philip Bliss akayatia sauti mwaka 1876, na sauti hiyo akaiita kwa jina la meli ile. Hii ndiyo nusu inayosimuliwa kabla ya kuimba. Nusu ya pili ni kwamba mwaka 1880 walimpoteza pia mtoto wao wa kiume kwa ugonjwa. Binti yao aliyezaliwa baada ya ajali, Bertha, aliandika baadaye jinsi watu wa dini waliowazunguka walivyoanza kujiuliza ni dhambi gani imewaletea yote haya. Elifazi alikuwa amefika Chicago. Mwaka 1881 familia ikahamia Yerusalemu.

Sasa uhakiki. Ubeti wa kwanza wa wimbo ule, hata katika Kiswahili chetu cha Tenzi za Rohoni, kitenzi chake kikuu kimebeba *u-*. Mtu hatangazi kwamba mambo ni salama. Anamwambia Mungu kwamba wewe ndiwe uliyenifunza kusema hivi. Ni tofauti ndogo lakini wimbo mzima umesimama hapo, kwa sababu aliyefunzwa kusema kitu ni mtu ambaye kisingemtoka mwenyewe. Wimbo hauna kosa. Kosa ni letu, tunaomwekea mfiwa mdomoni mstari wa mwisho wa safari siku ambayo yeye yupo kwenye wa kwanza. Spafford aliandika maneno yake mwenyewe kwa mwendo wake mwenyewe. Dada yangu alitakiwa aimbe ya Spafford kabla hajaosha tope miguuni.

Hapa nakumbuka kitu cha nyumbani. Sisi Wairaqw tuna slufay, sala ya kishairi ambayo mzee huiongoza na waliopo huitikia kila kipande. Kwa masikio ya mhakiki ni jamaa ya karibu ya Ayubu na Zaburi: kauli inatolewa, halafu pacha wake anaifuata akisema jambo hilohilo kwa upande mwingine, na mwitikio unaingia katikati kama mpini unavyoingia kwenye jembe. Huombwa mvua, mifugo, watoto, huombwa maradhi yaende mbali. Babu yangu, ambaye alibatizwa ukubwani na hakuona ugomvi wowote, aliweza kuisema mpaka chai ikapoa. Nilichokipenda, na sikujua kwa nini mpaka nilipomsoma Ayubu, ni kwamba hakuna anayebaki mtazamaji. Mwenye maneno anasema, asiye na maneno anaguna tu, na mguno wake unahesabika kuwa sala.

Kuna kitu kingine kinachopotea tukisali kwa Kiswahili. Looaa, jina la Mungu kwa Kiiraqw, ambalo pia ni jina la jua, ni la kike, na wazee walimwona kama mama, mwema, aliye juu. Wenye kuogopwa ni neetlaangw, roho za kwenye mito na chemchemi. Kiswahili kina *a-* moja tu kwa baba na kwa mama, kwa hiyo mtu wa Mbulu akihama lugha, Mungu wake anabadilika bila mtu kutambua. Simlaumu mtafsiri yeyote, nasema tu.

Lakini nisiuze mila kama dawa, maana mimi nimetoka huko. Mila hiyohiyo ilikuwa na metimani: mama aliyefiwa na mtoto aliweza kutengwa, asichangie vyombo na majirani, asipite njia za watu, kwa kuogopwa kwamba bahati mbaya yake itaambukiza. Kanisa lilipoileta injili ya kumkumbatia mfiwa lilifanya kazi kubwa sana milimani kwetu. Ndiyo maana inaniuma tukimkumbatia kwa mikono na kumtenga kwa sentensi. "Mungu ana makusudi yake" ni metimani ya kisomi. Inamwambia mfiwa: msiba wako umeshaelezwa, ukae nao huko.

Sasa niseme kisichonipendeza kwenye Ayubu, nisije nikaonekana nahubiri. Mwisho wake unanikera. Mungu anajibu kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, sura nne za mashairi ya ajabu, mvua na barafu na nyati na mbuni na farasi, na hagusi hata kidogo swali aliloulizwa. Hilo nalikubali, naona ni uaminifu wa mshairi, kwa sababu jibu lolote lingekuwa Elifazi wa tano. Lakini fremu inarudi, na Ayubu anapewa kondoo mara mbili, ngamia mara mbili, na watoto kumi wapya. Kondoo sawa. Watoto? Mtu wa Gendabi asome hapo asemeje? Nimesoma watetezi wa mwisho huu wanaosema idadi ya watoto haikuzidishwa mara mbili kwa kuwa wale wa kwanza bado ni wake mbele za Mungu. Ni hoja nzuri, nimejaribu kuipenda. Bado naona mwandishi wa fremu alikuwa na haraka kama sisi wa status. Nikipima kwa fasihi tu, Zaburi ya 88 ina ujasiri zaidi: inaanza ikilia kwa Mungu, inaendelea ikimlalamikia, na inamalizia gizani, basi. Walioikusanya Zaburi waliiacha humo hivyohivyo, bila kuibandikia ubeti wa shukrani.

Pasaka ya 2024 nilimwandikia dada tena. Safari hii sikutunga kitu. Niliandika "Ayubu 14" nikaituma hivyo, nikajuta papo hapo, nikafikiria kuifuta. Alijibu baada ya siku mbili.

"Nimesoma. Huyu mtu alikuwa na mdomo."

Nikamuuliza ameonaje lile la mlima. Akasema alisoma kwa sauti, peke yake jikoni, mara tatu, na mara ya tatu alibadilisha maneno kidogo akaweka Hanang. Akauliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia babu angebadilisha mengi zaidi.

Jumapili iliyofuata wimbo ukatajwa tena kanisani kwao. Ameniambia aliimba ubeti wa kwanza, kisha akakaa, wengine wakaendelea.