Mkate wa Soda Hujulikana kwa Kisu

Mkate wa soda wa Ayalandi una vitu vinne tu: unga wa ngano, chumvi, soda ya kuokea na maziwa yaliyochachuka. Hauna hamira, mayai wala sukari ya kufunika kosa. Kwa hiyo ganda la kahawia lisikutie haraka ya kusifu. Uache upoe, ukate katikati, ndipo uhukumu.

Tazama rangi kwanza. Ndani pawe na weupe wa maziwa, ule ule kutoka chini hadi juu. Ukiona madoa ya manjano, mwokaji hakuchekecha soda pamoja na unga. Mkate ukiwa wa manjano kote na ladha yake ni ya sabuni, soda imezidi uchachu wa maziwa. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Asidi ya maziwa hukutana na soda, hewa ya kaboni ikatoka, mkate ukaumuka. Soda iliyokosa asidi hubaki kinywani mwa mlaji. Hapa Dagoretti Corner, Ngong Road inapokutana na Naivasha Road, uchachu hautafutwi mbali, maana maziwa lala yako madukani. Kwa gramu 450 za unga, weka mililita 350 hadi 400. Yakiwa mazito sana, yalegeze kwa maji kidogo.

Vitabu vingi vya mapishi husema kijiko kimoja cha chai cha soda. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na mkate huumuka upesi kisha ukabonyea katikati. Mimi hupunguza robo ya kijiko. Na tafadhali, magadi ya kuchemshia githeri yabaki kwenye githeri: ni makali kuliko soda ya kuokea, nayo huharibu ladha.

Kisha bonyeza kipande kwa kidole. Kiwe na unyevu lakini kisinate, na kikimegwa kikatike kwa chembechembe. Kikivutika kama chapati, kimekandwa. Mkono uliozoea chapati hupata taabu hapa, kwani donge hili hukusanywa tu, likageuzwa mara mbili tatu na kuachwa na mikwaruzo yake. Mkate mzito uliokaa chini humshtaki aliyechanganya kwanza ndipo akaenda kuwasha jiko. Soda huanza kazi mara tu inapoguswa na maziwa, haimngojei mtu.

Msalaba wa juu ukatwe kwa kina, moto ufike katikati. Ukiona umefunguka vizuri, geuza mkate, gonga chini: sauti iwe ya kitu kitupu.

Kukosa ovena si udhuru. Waayalandi wa karne ya 19 waliuoka katika chungu cha chuma juu ya moto wa mboji, wakapanga makaa juu ya kifuniko. Watu wa Pwani hupalia mkate wa kumimina vivyo hivyo. Sufuria nzito, makaa machache chini, mengi juu, na takriban dakika 45.

Ule siku hiyo hiyo, na siagi. Wa jana ukaushe juu ya makaa kabla ya chai.