Chumba cha Kulala Ndani ya Kipanya

Seremala akiingia ndani ya HiAce kwa mara ya kwanza, kifaa cha kwanza anachopaswa kukiweka pembeni ni pima maji. Kwenye ujenzi wa nyumba, pima maji ndiyo yenye neno la mwisho. Ndani ya gari haina kazi, kwa sababu gari lenyewe halikusimama sawa: tairi moja limepungua upepo, uwanja wa karakana una mteremko, na wiki ijayo litakuwa limeegeshwa kwenye miinuko ya Lushoto. Fundi hana budi aiamini sakafu ya gari, aifanye ndiyo usawa wake, na vipimo vyote vianzie hapo.

Ndiyo maana naipenda kazi hii. Kugeuza gari la abiria au la mizigo kuwa mahali pa kulala, kupika na kuhifadhi vitu kunamtaka fundi aache mengi aliyoyazoea, abaki na jicho, mkono na mwili wa mtu atakayelala humo.

HiAce, tunayoijua kwetu kwa jina la kipanya, Toyota waliitoa mara ya kwanza mwaka 1967. Umbo lililojaa barabarani sasa ni la mwaka 2004. Nyingi zinashuka Dar es Salaam na Mombasa zikiwa zimeshatumika Japani, ambako kulala ndani ya gari safarini ni jambo la kawaida na watu huzitengenezea vitanda vya mbao. Ile ya mizigo yenye bodi ndefu ina nafasi ya mita 3 kwa urefu, mita 1 na nusu kwa upana, na kimo cha mita 1.3 hivi. Maana yake mtu mzima hasimami, wala hawezi kulala kwa kukingama. Kila kitu kipangwe kwa urefu wa gari, na kifikiwe na mtu aliyeketi.

Kisha kuna kuta. Hakuna ukuta ulionyooka. Bati linajipinda kutoka sakafuni, linatoka nje kidogo kwenye usawa wa kiti, halafu linaingia ndani kuelekea paa. Mzee mmoja wa Keko, Dar es Salaam, fundi wa makabati aliyenifundisha mengi ya kazi hii, huanza na boksi. Hukata vipande vya boksi, akavipanga kufuata mpindo wa bati na kuviunganisha kwa gundi ya karatasi mpaka apate kiolezo kizima. Penye pengo hufungua bikari, ncha moja ikateleza juu ya bati, penseli ya upande wa pili ikachora mpindo uleule kwenye boksi. Kiolezo hicho ndicho kinacholazwa juu ya plaiwudi. Anakata nje kidogo ya mstari, anapeleka garini, anajaribu, anarudi na randa, anatoa unywele, anajaribu tena. Nimewaona mafundi wa majahazi wa Nungwi, Zanzibar, wakiulazimisha ubao ukubaliane na mataruma bila mchoro wowote, na subira yao ndiyo hii hii.

Mzee huyo alipoona nimeagiza mbao za mninga, alizigusa kwa heshima, kisha akanikatalia. "Mwanangu, mninga mzuri, lakini huu utaubeba kila siku." Kabati la sebuleni linabebwa siku ya kuhama tu. Kabati la garini linabebwa kila kilomita, na mafuta yanalilipia. Plaiwudi ya milimita 18, ubao mzima wa futi nne kwa nane, inaweza kuzidi kilo 30. Ya milimita 9 ni nusu yake, na ikiungwa vizuri kwenye fremu nyembamba ya paina inatosha kabisa. Lita 40 za maji ni kilo 40 nyingine. Kwa hiyo tangi na betri hukaa chini, karibu na ekseli, na makabati ya juu huachiwa nguo na mkate. Anayepanga vyungu juu ya kichwa cha aliyelala hajafikiria breki ya ghafla.

Kitanda ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mchana ni benchi lenye upana wa sentimita 60 ubavuni mwa gari. Juu yake kuna vibao vyembamba vilivyoachana. Nusu vimeshikwa na benchi, nusu vimeshikwa na fremu inayotembea, na kila kimoja kinapita katika nafasi kati ya viwili vya mwenzake. Ukivuta fremu usiku, vibao vinateleza kwa kupishana na benchi linapanuka karibu mara mbili. Mto wa egemeo unashuka kujaza godoro. Nafasi ya kupishana ikiwa ndogo, unyevu wa pwani utavimbisha mbao na kitanda kitagoma. Ikiwa kubwa, vibao vitayumba. Milimita 2 au 3 ndizo zinazoamua kama mtu atalala.

Droo nazo zina akili yao. Kwenye ubao wa chini wa droo hukatwa kijipengo kinachokaa juu ya ukingo wa fremu. Ili ifunguke lazima uinyanyue kidogo kabla ya kuvuta. Gari likipiga kona au kufunga breki, droo haitoki, na hakuna kitasa kilichonunuliwa.

Umeme na gesi nitavipitia haraka, ingawa havivumilii uzembe. Waya uwe wa nyuzi nyingi, kwani ule wa uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu ya chaji. Ya lithiamu inakupa karibu yote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo mahali pa mtungi pana tundu la kuitoa nje. Mimi napendelea kupika nyuma, chini ya mlango unaofunguka kwenda juu, mahali penye kivuli na upepo.

Wajerumani wa kampuni ya Westfalia walitengeneza mwaka 1951 sanduku la kambi kwa ajili ya gari la Volkswagen, lenye kitanda na makabati, ambalo liliweza kutolewa ili gari lirudi kwenye shughuli zake. Wazo hilo linatufaa sana, maana wachache kwetu wanaweza kuliacha gari likae bila kuleta riziki. Bolti zikishika kwenye matundu yale yale yaliyokuwa yameshika viti, chumba kizima kinang'oka na kurudi. Natamani wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaosoma useremala, umeme na ufundi wa magari katika karakana tofauti wapewe gari moja walifanye pamoja.

Kazi ikiisha, mzee huyo hapokei malipo yake ya mwisho papo hapo. Huomba aendeshwe kwenye barabara ya vumbi, naye hukaa nyuma, viganja vimeegemea makabati, anasikiliza. Safari yetu haikufika mbali. "Simama hapo," alisema, akachora alama ya penseli pembeni ya kabati la juu. "Ubao unagusa bati. Kesho nitakuja na kipande cha mpira, na hii bawaba tutaiweka yenye skrubu ndefu zaidi. Twende, bado upande wa jiko."