Shujaa na Mwovu Katika Hadithi Zetu: Fikira Kutoka Ngara na Biharamulo

Katika miaka ya utumishi wangu wilayani Ngara na Biharamulo, walimu wameniletea mara nyingi hadithi zilizotungwa na wanafunzi wao ili nizisome na kutoa maoni. Nyingi zina lugha safi na matukio ya kusisimua. Lakini kasoro moja hujirudia karibu katika zote: shujaa ni mwema tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, na mwovu ni mwovu vivyo hivyo. Shujaa ni kijana mzuri wa sura, hodari darasani, asiyekosea. Mwovu mara nyingi ni mkimbizi: hana jina, hana mama, hana neno lo lote kinywani ila vitisho. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini wahusika wa namna hiyo hawasadikiki, na kwa nini jambo hilo si dogo kwa vijana wa sehemu hizi.

Pengine mwanafunzi atajitetea kwamba Shaaban Robert naye aliandika hivyo. Katika Kusadikika (1951) mshitaki anaitwa Majivuno na mshitakiwa anaitwa Karama. Jina peke yake hutangaza tabia. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wabaya ni Hasidi na Mwivu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Shaaban Robert alitunga istiara. Nchi yake aliiweka hewani, ili msomaji apime haki na dhuluma zenyewe. Lakini anayeiweka hadithi yake Rulenge au Nyakanazi, penye migomba, soko na basi la asubuhi, amekwisha kumwahidi msomaji watu wa kweli. Na ahadi ni deni.

Waandishi waliofuata walililipa deni hilo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alituonyesha katika Rosa Mistika (1971) baba aitwaye Zakaria. Zakaria ni mlevi, tena mkali kwa binti yake. Hata hivyo, ukali huo anauona kuwa ulinzi, na ulinzi huo ndio unaochangia kumwangamiza Rosa. Vile vile Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), hakutosheka kumchora bwana shamba dhalimu. Kando yake alimweka Kijakazi, mtumishi anayeonewa lakini anayemtukuza bwana wake. Kwa Kijakazi twaelewa jambo ambalo ukatili wa Fuad peke yake usingetufundisha: kwamba dhuluma hudumu kwa kujenga makao moyoni mwa anayedhulumiwa. Kuzinduka kwa mama yule ni ushujaa, ingawa hana upanga wala elimu.

Sasa turudi Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ikasimama Benaco. Miongoni mwao walikuwamo walioshiriki mauaji ya kimbari. Walikuwamo pia wakulima, wagonjwa na watoto wasiomdhuru mtu. Wote walipita njia moja. Wenyeji nao hawakuwa wa namna moja: yuko aliyegawa ndizi zake, yuko aliyeziuza kwa bei ya kuumiza, na yamkini mtu yule yule alifanya yote mawili katika juma moja. Miti ilikatwa na mazao yaliibwa, lakini biashara nayo ilichangamka. Mwishoni mwa 1996 wengi wao walirudishwa kwao.

Mwanafunzi wa leo hakuyaona hayo. Ameyasikia jikoni kwa bibi yake. Ikiwa alilolishika ni wizi tu, ataandika "mkimbizi" mahali pa "mwovu", na msomaji mdogo atajifunza kumwogopa jirani kwa asili yake. Na jirani huyo huenda ni nduguye, kwani Kihangaza na Kirundi ni lugha za karibu sana, na mpaka umekata koo nyingi katikati. Hapo kosa la ufundi limekuwa kosa la utu.

Sisemi mwovu asamehewe. Kumwelewa mtu si kumtetea. Muuaji anayetembea na mtoto wake mgongoni, akimbembeleza asilie, anatisha kuliko zimwi, kwa sababu anafanana nasi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, kabla hujamwandika mwovu wako, jiulize: anampenda nani? Anajidanganya vipi kwamba haki iko upande wake? Ni jambo gani lingeweza kumzuia? Kisha mwulize shujaa wako: anaogopa nini, na ni nani aliyepata kumkosea? Wala usimtafute shujaa miongoni mwa vijana wa sekondari tu. Mtafute kwa mjane anayemficha mtoto wa watu, kwa mchungaji wa ng'ombe, kwa karani aliyekataa hongo baada ya kupokea mbili.

Nanyi walimu, msitoe alama kwa hadithi kwa sababu wema umeshinda. Ulizeni kwanza kama wema huo umemgharimu mtu cho chote.