Opera Iliyotungiwa Vazi

Kwa kawaida vazi la jukwaani hushonwa baada ya kujulikana nani anaimba nini. Katika Charlie Chan at the Opera, filamu ya upelelezi na vichekesho iliyotolewa na 20th Century-Fox mwaka 1936, nguo ilitangulia. Studio ilikuwa na vazi la gharama la Mefisto, yule shetani wa jukwaani, lililotumiwa na mwimbaji Lawrence Tibbett katika filamu ya Metropolitan mwaka uliotangulia. Mtunzi Oscar Levant alisimulia baadaye kwamba alitakiwa kutunga opera ambamo vazi hilo lingevaliwa tena.

Mwingine angelipua kazi. Filamu za Charlie Chan zilitengenezwa haraka, kwa fedha kidogo, na mtazamaji alikuja kumtafuta muuaji, si kusikiliza okestra. Levant, rafiki wa George Gershwin na mwanafunzi wa Arnold Schoenberg, hakulipua. Alitunga Carnival. Si opera nzima, ni vipande tu, lakini vina uzito wa kukufanya uamini kwamba sehemu iliyobaki ipo mahali fulani. Maneno ni ya William Kernell, yakageuzwa Kiitaliano.

Boris Karloff ni Gravelle, mwimbaji aliyedhaniwa kuteketea katika moto wa jumba la maonyesho, naye sasa ametoroka hospitali ya wagonjwa wa akili. Anajipenyeza nyuma ya jukwaa, anavaa vazi la mwenzake, anapanda kuimba. Sauti tunayosikia ni ya Tudor Williams. Karloff anaibeba kwa mwili wake wote, hata ukasahau kwamba watu hao ni wawili.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na hapa ndipo ninaporudi kila ninapoitazama filamu hii. Watu waliokaa ukumbini wanamwona shetani wa hadithi. Mwanamke anayeimba naye anaitambua sauti ya mtu aliyeaminika kufa. Hofu ya mhusika na hofu ya mwimbaji zinatoka katika koo moja, kwa noti zilezile, na kisu cha maigizo kikiinuliwa hatujui tena tuogope kipi. Mwongozaji, H. Bruce Humberstone, hahitaji mtu wa kutufafanulia. Muziki umeshasema.

Vichekesho havikusahaulika. Msimamizi wa jukwaa anaapa kwamba onyesho litaendelea hata kama Frankenstein ataingia, ilhali Karloff, aliyeitisha dunia nzima kwa zimwi hilo mwaka 1931, yumo humohumo jengoni. Dosari nayo ipo, wala siifuniki: Chan, mpelelezi Mchina, anaigizwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, huku Keye Luke, aliyezaliwa Guangzhou, akipewa nafasi ya mwanawe. Luke anacheza vizuri mno kiasi kwamba dhuluma hiyo inazidi kuonekana.

Baada ya mauaji, Chan anaomba kipande kile kiimbwe upya ili ukweli ujitokeze. Muuaji simtaji. Ila sikiliza muziki uleule mara hii: sasa tunajua kisu kinainuka wapi, na kila kipimo kinachopita kinatusogeza hapo. Tumegeuka wapelelezi kwa masikio. Mtunzi mzembe angetupa wimbo wa kusikika mara moja tu. Levant aliandika unaovumilia kurudiwa, na fumbo lote la filamu limeegemea hapo.