Ulaini Wenye Nguvu: Peugeot 504 ya Baba na Mbwa wa Zizi la Babu

Watu wakisifu gari la zamani husema lilikuwa gumu. Wakisifu mbwa wa zamani husema alikuwa mkali. Mimi nimekulia ndani ya Peugeot 504 stesheni wagon ya baba, na likizo zangu zote nimezimaliza kati ya mbwa waliolinda mbuzi wa babu mkoani Singida. Kila ninapochambua kilichofanya gari lile lidumu na mbwa wale waaminike, naona sifa hizo mbili zimekosea njia. Gari lile lilikuwa laini. Mbwa wale walikuwa wapole. Ulaini na upole huo ulitengenezwa kwa makusudi, na safu ya leo inaeleza ulivyotengenezwa.

Barabara ilitaka nini

Miaka ya 1980 barabara ya kutoka Dodoma kupitia Manyoni hadi Singida ilikuwa ya vumbi na changarawe. Makorongo yalikuwepo, lakini adui mkubwa wa gari la familia alikuwa rasta, yale matuta madogo yanayopangana barabara nzima kwa kilomita nyingi.

Rasta huzaliwa na magurudumu yenyewe. Gurudumu likiruka juu ya kokoto, linapotua husukuma changarawe na kuacha kibonde. Gurudumu la gari linalofuata hudunda palepale na kukichimba zaidi, na msimu wa kiangazi haujaisha barabara yote imejaa mawimbi. Sasa tupige hesabu. Chukua matuta yaliyoachana kwa sentimita 75. Gari likienda kilomita 27 kwa saa, linapita mita 7.5 kila sekunde, kwa hiyo kila gurudumu linagongwa mara 10 kwa sekunde. Hapo ndipo pabaya, kwa sababu gurudumu na ekseli ya gari la kawaida vina mdundo wake wa asili wa karibu mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mapigo ya barabara yakikutana na mdundo huo, kila pigo linaongeza nguvu ya lililotangulia, na gari zima linatetemeka mpaka boliti zinalegea. Likienda kilomita 80 kwa saa, mapigo yanakaribia 30 kwa sekunde. Gurudumu halipati muda wa kuzama katika kila kibonde. Linapita juu ya vichwa vya matuta na kelele inapungua.

Baba aliijua siri hiyo bila karatasi. Penye rasta na barabara iliyonyooka alikanyaga mafuta mpaka gari likatulia. Kona ikionekana kwa mbali, alipunguza mwendo mapema, kwa kuwa tairi linalogusa vichwa vya matuta tu halina mshiko wa kutosha kugeuza gari. Sisi watoto nyuma tulijua kona inakuja kabla hatujaiona, kwa kusikia sauti ya injini ikishuka.

Springi nne na ekseli moja

Ujanja wa dereva pekee hautoshi kama gari halikuundwa kwa kazi hiyo. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari Bora la Mwaka la Ulaya. Wahandisi wake waliipa springi laini zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, kisha wakazidhibiti kwa shokapu nzuri. Springi laini huliacha gurudumu lifuate ardhi wakati bodi linabaki limetulia. Shokapu huila ile nguvu ya mdundo na kuigeuza joto, ili gari lisiendelee kuyumba baada ya shimo kupita. Springi laini bila shokapu ni hatari. Shokapu ngumu kwenye springi ngumu hulipeleka kila pigo moja kwa moja kwenye mgongo wa abiria na kwenye viungo vya bodi.

Stesheni wagon iliongezewa mambo mawili muhimu. La kwanza ni urefu: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa sentimita 290, wakati saluni ilikuwa na sentimita 274. Nafasi hiyo ilitosha safu tatu za viti katika toleo la familia, abiria 7 pamoja na dereva, wote wakitazama mbele. La pili lilikuwa chini yetu: ekseli nzima ya nyuma iliyobebwa na springi nne za koili, mbili kila upande. Ekseli ya namna hiyo ina faida kubwa vijijini. Mzigo ukiongezeka, bodi linashuka, lakini difu inabaki kwenye kimo kilekile kutoka ardhini, na magurudumu yanaendelea kusimama wima. Gari lililojaa watu na magunia halikugeuka kuwa gari jingine.

Mama ndiye aliyekuwa mhandisi wa mizigo. Gunia la mahindi na debe la mafuta ya kula alitaka viwekwe chini kabisa, vikisukumwa mbele mpaka vikaribie viti. Mikeka, vikapu na magodoro vilipanda kwenye keria. Mjomba akijaribu kupandisha gunia juu, aliambiwa, "Kaka, huko juu weka vyepesi tu, nina watoto humu." Alikuwa sahihi kabisa: uzito ukiwa juu gari hulala kwenye kona, na uzito ukiwa nyuma sana usukani huwa mwepesi na gari hutangatanga.

Land Rover ilipita mahali ambapo hapakuwa na barabara, na heshima yake naitambua. Lakini springi zake za bapa zilitutikisa hata kwenye njia nzuri. Peugeot ilikuwa gari la mahali penye barabara mbovu, na huko ndiko familia nyingi za Afrika Mashariki zilikoishi.

Ushahidi wa hadharani ulipatikana kwenye mashindano ya magari ya Safari. Bert Shankland na Chris Rothwell, dereva na msaidizi wake waliotokea Tanzania, walishinda mwaka 1966 na 1967 wakiwa na Peugeot 404, kaka yake mkubwa wa 504. Mwaka 1975 Ove Andersson na Arne Hertz wakashinda kwa 504 yenyewe. Wazee wa kwetu walisimulia ushindi wa Shankland kwa majivuno kana kwamba wao ndio waliokuwa kwenye usukani.

Injini inayofunguka

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wa zamani walilipenda. Silinda za injini ya 504 zilikuwa na slivu za kuchomoka, na maji ya kupozea yalizunguka nje yake moja kwa moja. Injini ikichoka, fundi alifungua kichwa, akachomoa slivu na pistoni zilizolika, akaweka seti mpya na gasketi mpya. Hakuhitaji kupeleka bloki kwenye mashine ya kuchonga iliyokuwa mbali mjini. Katika miaka ya uhaba wa spea, tofauti hiyo iliamua gari lipi litembee na lipi liwe kiota cha kuku.

Hata uhaba wenyewe ulitupa ratiba. Magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta, baba aliigeuza marufuku hiyo kuwa saa ya matengenezo. Alisafisha kichujio cha hewa kilichojaa vumbi jekundu, akapima maji ya betri, akapiga grisi, akakaza boliti moja baada ya nyingine. Mimi nilishika tochi na kutaja ukubwa wa spana. Majina ya sehemu za gari niliyajua kabla sijajua majina ya mikoa.

Mbwa aliyekulia kwa mbuzi

Sasa twende zizini. Babu alikuwa na mbwa wa kienyeji, wa rangi ya udongo, wembamba, wenye masikio ya kusimama nusu. Ninaowakumbuka zaidi ni Tomi na jike lake, Sikujua. Hawakufungwa minyororo na hawakuwahi kuchochewa kwa kelele za "kamata!" Babu aliwakataza wajukuu mchezo huo kwa ukali ambao hakuuonyesha kwa jambo lingine lolote.

Sikujua alizalia kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa zizi. Watoto wake walifumbua macho katikati ya harufu ya mbuzi, na walipoanza kutembea, viumbe vya kwanza walivyokutana navyo baada ya mama yao vilikuwa wana-mbuzi. Babu aliwaacha hapo. Sisi tuliruhusiwa kuwabeba kidogo asubuhi ili watuzoee, kisha tuwarudishe.

Sayansi imekuja kuthibitisha utaratibu huo. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wao huko Bar Harbor, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa ana dirisha la kujifunza jamii yake, linalofunguka karibu na wiki ya 3 na kuanza kujifunga karibu na wiki ya 12. Atakaowazoea ndani ya muda huo atawahesabu kuwa wenzake maisha yake yote. Raymond na Lorna Coppinger, walioanza kuchunguza mbwa walinzi wa mifugo miaka ya 1970, walionyesha kwamba mbwa wa kazi hii lazima awe na mambo matatu: aaminike kati ya mifugo, alifuate kundi kwa makini, na alilinde. Uaminifu ndio wa kwanza. Mbwa mkali anayekimbiza mbuzi kwa mchezo ni hasara hata kama hajawahi kumwogopa fisi.

Samaki mkunje angali mbichi, na babu alikunja mapema. Mtoto wa mbwa aliyeuma sikio la mwana-mbuzi aliondolewa papo hapo kwa sauti nzito, na mara nyingi mbuzi jike alimaliza somo hilo kwa pembe. Aliyeendelea kukimbiza mbuzi hata baada ya kuonywa alipewa mtu wa mjini wa kulinda ua. Aliyelala kimya huku mbuzi wakimruka alibaki. Hivyo, kizazi baada ya kizazi, upole ulichaguliwa.

Usiku wa fisi

Wengi hudhani mbwa wa zizi kazi yake ni kupigana. Fisi madoadoa ana taya zenye nguvu za kuvunja mifupa. Mbwa wa kilo 15 au 20 akipigana naye peke yake, atakufa. Kazi ya mbwa ni kuharibu mpango wa windo. Mnyama mwindaji hutegemea kufika karibu bila kugunduliwa. Mbwa akibweka mapema, akasimama kati ya sauti na kundi, muda wa fisi unakwisha: mbuzi wanasogeleana, watu wanaamka, moto unachochewa.

Tomi na Sikujua waligawana kazi hiyo bila kuelekezwa na mtu. Tomi alitoka hadi kwenye mipaka ya ua wa miiba akabweka kwa sauti nzito. Sikujua alibaki ndani, akizunguka polepole kandokando ya mbuzi. Kwa mabweko yao babu alijua kilichoko nje. Mabweko ya kupanda na kushuka yalikuwa ya mgeni wa miguu miwili. Mabweko mafupi yasiyopumua yalikuwa ya fisi. Alitoka na mkuki na kurunzi, na kundi lilikuwa bado zima.

Masikio hayohayo yalilijua gari letu. Mbwa husikia sauti za juu kupita kikomo cha masikio ya binadamu, na mlio wa injini ile waliutofautisha na wa lori lolote. Bibi alituambia kwamba Sikujua alisimama mlangoni muda mrefu kabla sisi hatujafika, na bibi akabandika chai. Tulishuka tumejaa vumbi, tukasema "Shikamoo babu, shikamoo bibi," na mbwa wakatulamba mikono iliyokuwa ikinuka maembe ya njiani.

Gharama ya ulaini

Ulaini unataka matunzo ya karibu. Shokapu za 504 zilipolika, gari lilianza kupiga mbizi kwenye kila shimo na tairi likala upande mmoja. Baba hakungoja lifike huko. Mbwa wa kienyeji naye ana gharama yake: chanjo. Kichaa cha mbwa huua mtu karibu kila mara dalili zikishaanza, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa uzuiwe. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Tangu hapo kuchanja mbwa wa vijiji vya jirani kumehesabiwa kuwa ulinzi wa hifadhi pia. Wachanjaji walipofika kata ya pili kutoka kwa babu, baba alikunja viti vya nyuma, akatandika gunia, akawapakia Tomi na Sikujua. Walilala kimya njia nzima, pua zao zikielekea kwenye upepo wa dirisha.

Leo barabara ile ina lami, na magari yanayoitwa ya familia mengi yameinuliwa na kufungwa springi ngumu ili yaonekane ya nguvu. Mijini mbwa anafungwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali, kisha tunashangaa akimuuma mtoto wa nyumbani. Nawasihi wasomaji wapime kwa kipimo cha zamani. Ukienda kununua gari la kupeleka kijijini, bonyeza kona ya bodi kwa mikono miwili na uachie: linapaswa kupanda na kutulia mara moja. Likiendelea kucheza, shokapu zimekwisha. Lisipobonyea kabisa, mgongo wa mama yako ndio utakaokuwa springi. Ukienda kuchagua mbwa wa zizi, usiulize amewahi kumuuma nani. Omba kumwona mama yake akiwa katikati ya mbuzi, uliza watoto wamelala wapi tangu wazaliwe, na umchukue yule anayejilaza mbuzi wanapomkaribia. Kisha anza ratiba ya matunzo wiki hiyohiyo, kwa gari na kwa mbwa, na uwape watoto wako washike tochi.